Mzigo Umefika, Mwenyewe Hayupo



Ndugu msomaji, iko simu ambayo karibu kila nyumba ya hapa Mombasa yaijua. Hupigwa kwa nambari ngeni, wakati mama wa nyumba yuko juu ya feri ya Likoni, au shuleni kwenye mkutano wa wazazi, au kliniki na mtoto mgongoni. “Mama, nina mzigo wako. Niko mlangoni na hapana mtu.” Nyuma ya sauti hiyo pikipiki yanguruma, na mpigaji ana safari nyingine zamngoja. Basi jawabu hutolewa kwa haraka: “Mwachie jirani,” au “Uache dukani,” au “Uweke hapo barazani.” Jioni ifikapo, barazani hamna kitu, jirani hana habari, na duka limefungwa. Hapo huanza maneno, na maneno hayo mara nyingi huvunja ujirani wa miaka.

Tutazame kwanza asili ya jambo lenyewe. Anwani zetu tangu zamani ni sanduku la posta. Barua ilikaa posta ikimsubiri mwenye ufunguo, awe amesafiri au yuko mjini. Leo twanunua kwa simu, twalipa kwa M-Pesa, na twataka mzigo uje mpaka mlangoni, ilhali nyumba zetu nyingi hazina nambari. Mletaji huelekezwa mkabala na msikiti, kisha uchochoro wa pili, kisha mlango wa kijani. Katika Mji wa Kale ziko njia ambazo hata tuktuk haipiti. Naye aghalabu hulipwa kwa safari, wala halipwi kwa saa. Kila dakika anayosimama ni riziki yake inayopungua. Kwa hivyo tusiharakishe kumdhania ubaya.

Pamoja na hayo, hasara ni ya kweli. Ndani ya kifurushi huenda mna insulini ya mzee, dawa isiyostahimili jua la mchana. Huenda mna madera ya mama anayeuza nyumbani na kulipia karo kwa faida yake. Huenda ni kipeto kilichotoka Maskati mkononi mwa jamaa, ambacho hakina mfano wake wa kununuliwa.

Dini yetu haikuuacha mlango wa nyumba bila adabu. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, tumekatazwa kuingia nyumba za wenzetu mpaka tubishe na kutoa salamu. Na ikiwa hatukumkuta mtu, tusiingie mpaka turuhusiwe. Tukiambiwa turudi, turudi. Na katika hadithi ya Abu Musa Al-Ash'ari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwenye kubisha mara tatu asipoitikiwa huondoka. Basi mletaji asifungue lango akaingia uani kwa hoja kwamba alitaka kuuficha mzigo usiibwe. Na mwenye nyumba naye asimkasirikie mtu aliyebisha, akangoja, kisha akaenda zake. Huyo ametenda yaliyompasa.

Liko pia suala la dhamana, nalo watu wengi hawalijui. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, bidhaa iliyouzwa hubaki katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi aikabidhiwe. Mzigo ulioachwa kizingitini bila ya idhini yako haujakufikia, ingawa umelala mlangoni pako. Ukipotea, dai lako ni kwa aliyekuuzia. Lakini ukisema, “Mwachie jirani,” umemfanya jirani kuwa wakili wako, na mkono wake ni kama mkono wako. Na ukisema, “Uweke barazani,” mletaji ametenda kwa ruhusa yako, na itakuwa vigumu kumdai. Neno dogo la simu, basi, lina uzito wa mkataba.

Na jirani aliyepokea amebeba amana. Suratun Nisaa, aya ya 58, yatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Sote twajua kwamba Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, Sayyidna Ali alibaki nyuma ili azirudishe amana za watu, na miongoni mwa wenye amana hizo walikuwamo waliokuwa wakimfanyia uadui. Hata hivyo, wanazuoni wamesema kwamba mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea bila ya uzembe wake. Hulipa akizembea, au akiifungua na kuitumia. Kwa hivyo haifai kumtoza bibi wa jirani thamani ya kitu kilichoibwa ndani ya nyumba yake iliyofungwa. Wala haifai kumtwisha amana bila ya kumuuliza. Huenda naye ana safari, au ana mgonjwa, na ana haki ya kukataa.

Kwa akina mama na mabinti walio peke yao nyumbani, hapana haja ya kumkaribisha mletaji ndani, hata kama mzigo ni mzito. Upokewe mlangoni, mahali panapoonekana na watu. Tusimtume mtoto mdogo barabarani na pesa mkononi kumfuata mtu wa bodaboda. Na kabla ya kulitupa boksi, tubandue karatasi yenye jina na nambari ya simu. Wako mabinti wanaoletewa ujumbe usio na adabu na watu walioipata nambari kwa njia hii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za mtu zitumiwe kwa kazi iliyokusudiwa, na nambari uliyoitoa kwa ajili ya mzigo haikutolewa kwa mazungumzo.

Ni vyema kila nyumba iafikiane mapema ni nani atakayepokea, na mtu huyo aulizwe akiwa na nafasi ya kusema hapana. Jina lake na simu yake apewe muuzaji siku ya kuagiza. Mchana wa Ijumaa, wakati wa Swala, uepukwe. Mpokeaji autazame mzigo kabla ya mletaji kuondoka, na ujumbe wa simu uhifadhiwe, kwani kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa au huduma. Na ikiwa mletaji amekuja kwa ahadi yako na hakukuta mtu, safari ya pili ni jasho lake. Mtume (s.a.w.) ametuusia tusicheleweshe ujira wa mwenye kufanya kazi. Shilingi mia moja tunayobishania barabarani huenda ndiyo chakula cha watoto wake usiku huo.

Mzigo uliopotea hununuliwa mwingine. Jirani aliyetuhumiwa bure hana duka analouzwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa tunavyoshika na wapole kwa wanaotushikia.

Wallahu a'alam.