Tuhakikishe Kabla ya Kuunga



Ndugu wasomaji, juma hili twawasimulia kosa letu wenyewe, huenda likawafaa, hasa ninyi mnaotumia betri na sola majumbani.

Tukiwa safarini kwenda Meru, tulilala Embu kwa kijana wetu mmoja mwenye leseni ya redio ya ridhaa, ile ambayo watu huzungumza kwayo masafa ya mbali pasipo biashara. Vituo vya namna hiyo nchini Kenya hutambulikana kwa 5Z4. Baada ya Magharibi umeme ulikatika. Mwenyeji wetu alikuwa akitawadha, nasi kwa kutaka kusaidia tukaziunga nyaya za redio kwenye betri ya gari iliyokuwapo pembeni. Alama za betri zilikuwa zimefunikwa na uchafu, tukakisia. Mara ukasikika mlio, na harufu ya kuungua ikajaa chumba.

Umeme wa nyumbani, kama ule wa mabwawa ya Mto Tana kule Embu, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Umeme wa betri huelekea upande mmoja tu, kutoka chanya kwenda hasi. Chombo kilichoundwa kwa mwelekeo huo kikipelekewa kinyume, huweza kuungua papo hapo.

Kilichoiokoa redio ile ni fyuzi. Ndani yake mna dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja. Nyaya zilipogeuzwa, mkondo mkubwa ulipita kwenye dayodi hiyo, fyuzi ikakatika, na sehemu nyingine zikasalimika. Kesho yake tuliibeba redio kupitia Chuka hadi Meru, ambako fundi alibadilisha vitu hivyo viwili. Gharama tulilipa sisi, kwani mali ya mwenzio iliyo mkononi mwako ni amana, na nia njema haimwondolei mkosaji dhima.

Fundi alitufunza mambo matatu. Kwanza, rangi zisiaminiwe peke yake. Kwa desturi nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini huenda aliyetangulia alitumia waya aliokuwa nao. Pimeni kwa mita: ncha yake nyekundu iguse upande mnaoudhania chanya, ikitokea alama ya kutoa mbele ya tarakimu, mmegeuza. Pili, fyuzi iwekwe karibu na betri. Redio ya wati 100 hutumia takriban ampea 20 kwa volti 13.8, basi fyuzi ya ampea 25 yatosha. Kutia kipande cha waya badala yake ni kumfukuza mlinzi. Tatu, tumieni viungio visivyoingiana ila kwa njia moja, ili hata gizani mkono usikosee.

Kijana yule hakutulaumu. Alisema tu: "Sheikh, ungeningoja nimalize udhu." Dakika mbili za subira zingetutosha.

Wabillahi tawfiq.