Ujumbe uko Nakuru, jembe liko Kitale
Wiki hii mjini Kitale nimepanga foleni ya mbolea ya ruzuku, na mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye noti zake zimekunjwa kwenye leso. Alifika dirishani, akarudi na noti zizo hizo. Ujumbe wa kumruhusu kuchukua mbolea ulitumwa kwa simu ya mumewe, naye mzee yuko kazini Nakuru, simu imezimwa. Bei yenyewe sina neno nayo: mfuko wa kilo 50 ni shilingi 2,500, ilhali mwaka 2022 tuliununua kwa zaidi ya 6,000. Lakini mvua haisomi ujumbe wa simu. Ikishanyesha ni kupanda, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hapa Trans Nzoia, kila mtu anajua mavuno yake. Tuliposajiliwa kwa chifu ili tupate mbolea hii, tuliulizwa ekari, kitambulisho na namba ya simu. Hakuna aliyeuliza ni nani huamka kupalilia. Serikali imesajili wenye mashamba, ikawasahau wakulima. Machifu wakianza usajili mwingine, naomba waandike namba ya anayeshika jembe, awe mke, mjane au mpangaji wa ekari moja, hata kama hati ya ardhi ina jina la mtu mwingine.