Lenzi inang'aa, picha ina ukungu

Leo nina kisa cha dogo mmoja wa Kisarawe. Jina lake namhifadhia, maana aibu yake haijapoa.

Dogo alipata kamera ya kazi, lakini bila lenzi. Akapokea hela ya upatu, akateremka mjini, akakutana na muuza lenzi za mtumba mwenye maneno matamu. Jamaa akaifuta lenzi kwa kitambaa, ikang'aa kama jicho la paka. Dogo akalipa palepale. Hakupiga hata picha moja ya kujaribu!

Jumamosi akapata deiwaka yake ya kwanza, sendofu kule Kibaha, mitaa ya Picha ya Ndege. (Ndiyo, mtaa unaitwa hivyo, upo njia ya Morogoro.) Kwenye kile kiskrini cha nyuma ya kamera kila kitu kilikuwa bab'kubwa. Jumatatu akafungua kwenye kompyuta, jasho likamtoka. Kila picha ya kundi, kulia safi, kushoto maruweruwe matupu. Na bibi yake mwali alikaa kushoto shughuli nzima.

Miezi miwili baadaye bibi akafariki. Wajukuu wakaja kuomba picha ya kuweka kwenye fremu msibani. Hela dogo alisharudisha. Picha ya bibi angeitoa wapi?

Sasa wewe unayeanza, usiingizwe mjini. Nenda na kamera yako, kadi tupu na tochi ya simu, kisha fanya haya.

Kwanza, hakikisha inaingia. Lenzi za Canon za EF, zilizoanza mwaka 1987, haziingii kwenye kamera za RF bila adapta. Nikon nao wana mdomo wa F wa tangu 1959 na mdomo wa Z wa 2018. Halafu kuna mtego: kamera ndogo za Nikon kama D3200 hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifunga lenzi iliyoandikwa AF tu, bila S wala P mbele yake, utazungusha fokasi kwa mkono mpaka bibi harusi aondoke.

Pili, imulike. Simama kivulini, washa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa kuinamisha lenzi kidogo. Chembe mbili tatu za vumbi si kesi. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni fangasi, mshikaji! Hewa yetu ya Pwani ina joto na unyevu, na lenzi iliyolala kabatini miezi, hasa huko Kisarawe karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ni chakula chake. Inakula ule utando wa rangi juu ya kioo, na hata ikisafishwa kovu linaweza kubaki. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele usikutishe sana. Wa kioo cha nyuma ndiyo unaharibu picha.

Tatu, angalia vibati vya ndani vinavyofunguka na kufumba kama mboni ya jicho. Viwe vikavu, viende haraka. Ukiona mafuta juu yake, achana nayo.

Nne, na hapa ndipo dogo alipoanguka: bandika gazeti ukutani. Weka kamera juu ya meza, iutazame ukuta sawasawa bila kupinda, tumia taima ili mkono usitikise. Piga moja kwa namba ndogo kabisa ya tundu, kwa mfano f/1.8, na nyingine kwa f/8. Kisha vuta picha, soma herufi za pembeni, kona zote nne. Kona zote zikiwa laini kidogo kwenye namba ndogo halafu zikakaza kwenye f/8, hiyo ni kawaida. Lakini upande mmoja ukififia na mwingine uko safi, shtuka! Geuza kamera kichwa chini, piga tena. Yakififia maandishi ya upande wa pili, vioo vya ndani vimehama, na huenda lenzi ilishaanguka. Yakififia yaleyale, ni wewe uliyeweka kamera upande.

Muuzaji akikuambia "dogo, usinichoshe, lenzi nzima hiyo", mshukuru, ondoka. Mwenye mali safi haogopi kujaribiwa.

Na usikimbilie lidude refu kama bomba la maji. Kwa sura za watu, 50mm ya f/1.8 inatosha kabisa, bei yake haiumizi na inapokea mwanga mwingi ukumbini. Kwa sebule finyu, ile 18-55mm ya kawaida itakusitiri.

Dogo sasa anasaka lenzi nyingine. Safari hii anatembea na gazeti kwenye begi. Nawe ukimaliza kusoma hili usilifungie maandazi, lina kazi ukutani. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!