Viatu vya Sista, Macho ya Bibi

Jumamosi jioni hapa Nyakato, umeme ukiwepo na malori ya barabara ya Musoma yakipungua kelele, baadhi yetu hukusanyika kutazama filamu za zamani za upelelezi. Wenzetu hutucheka: picha hazina rangi, hakuna mbio za magari, watu wanaongea tu. Sisi tumezipenda kwa sababu zinamlazimisha mtazamaji aangalie kona za picha, si uso wa anayezungumza peke yake.

Chukua The Lady Vanishes, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1938. Bibi mmoja anapotea ndani ya treni, na abiria wanadai hakuwahi kuwemo. Kuna sista anayemlinda mgonjwa aliyefungwa bandeji uso mzima. Vazi la kitawa liko sawa, upole upo. Lakini miguuni amevaa viatu vya visigino virefu. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja wetu aliyeviona, na sisi masista tunawaona kila siku!

Au Rear Window ya mwaka 1954. Mpiga picha aliyevunjika mguu anawatazama majirani kutoka dirishani. Mbwa aliyekuwa akifukuafukua bustani anauawa. Mwenye mbwa anapiga yowe, majirani wote wanatoka kutazama, isipokuwa mmoja ambaye sigara yake inang'aa gizani. Kisha mpiga picha analinganisha picha za bustani za wiki mbili nyuma: maua mawili yamekuwa mafupi. Maua hayarudi chini yenyewe. Na bado, mchunguzi huyohuyo alikuwa amesinzia pale mtu yule alipotoka usiku na mwanamke. Sisi tuliona, yeye hakuona.

Tunaandika haya kwa sababu hapa Usukumani dalili moja imewaua bibi zetu. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ushahidi. Aliyetazama jicho hakutazama kilicho nyuma ya bibi: mafiga matatu, kuni mbichi au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, jiko lisilo na dirisha, moshi wa miaka hamsini. Mpelelezi wa filamu angeanzia hapo. Angeuliza pia shamba la bibi litabaki kwa nani, na nani alikuwa wa kwanza kwenda kwa mganga. Mpiga ramli haulizi hayo, maana ameitwa atoe jina. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na ilifanya vema, lakini mteja wa ramli ni jirani yetu, na mara nyingine tunakaa naye benchi moja kanisani.

Yupo frateri aliyetuambia kwamba tabia hii ya kuchunguza vitu vidogo ndiyo inayozaa umbea na shuku. Hatukubaliani naye. Mwenye shuku huona kitu kimoja na kuacha kutazama. Padre Brown, yule mpelelezi wa hadithi za G. K. Chesterton, alimtambua padre bandia kwa jambo ambalo mlei angelipita: mtu yule alikuwa ameidharau akili, na padre aliyesoma teolojia hafanyi hivyo. Hata sisi tunaosoma falsafa miaka mitatu tuliisoma hadithi hiyo mara mbili ndipo tukaelewa.

Likizo iko karibu. Mafrateri mtatumwa vigangoni, nanyi waamini mtapita nyumba kwa nyumba na jumuiya zenu, na mahali fulani mtamkuta bibi ambaye watu humsalimu wakiwa mbali. Msiishie kumwombea mlangoni. Ingieni jikoni anapopika, mkae naye mpaka ugali uive. Mkitoka, jitazameni macho kwenye kioo.