NI NANI ALIYESEMA ELIMU HII HAINA FAIDA?

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Ndugu msomaji, siku chache zilizopita alinijia nyumbani baada ya sala ya Alasiri mzee mmoja wa upande wa Nkwenda, mtu wa msikitini ambaye sijapata kumsikia akisema uwongo, akitaka nimsaidie kumkanya mwanawe. Nilidhani kijana ameingia katika ulevi, kwani rubisi huku kwetu haina haya. Kumbe kosa lake ni kuwa amepata nafasi ya chuo kikuu, na alichoomba kusoma ni isimu, yaani elimu ya lugha, kwa nia ya kuja kufanya utafiti juu ya Kinyambo. "Sheikh," akaniambia yule mzee, "mimi niuze ng'ombe wawili ili mwanangu akafundishwe Kinyambo? Kinyambo mama yake amemfundisha bure!"

Waliokuwapo barazani wakacheka, na mimi nakiri kuwa nilicheka pamoja nao. Kisha ustadhi mmoja kijana, ambaye ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni, akaongeza lake. Akasema kwamba elimu ni Qur'ani na Sunna na fiqhi, na yaliyobaki ni mambo ya dunia, ikiwa hapana budi mtoto aingie huko, basi na awe daktari au injinia apate mshahara, lakini lugha, na historia, na kuchimba vigae vya watu wa kale, hiyo ndiyo elimu isiyo na manufaa ambayo Mtume (s.a.w.) alijilinda nayo kwa Mola wake. Baraza zima likatikisa kichwa kuafiki.

Usiku ule sikulala vizuri. Haya niandikayo ni jawabu langu kwa wote wawili, na kwa kicheko changu mwenyewe.

Naanza na ustadhi. Ndugu yangu, fungua Msahafu, Sura ya 35, Fatir, usome aya ya 27 na ya 28. Sisi wenye vilemba twaijua ile ya pili kwa kipande chake cha mwisho tu, kile kinachoeleza kuwa wamchao Mwenyezi Mungu katika waja wake ni wanavyuoni. Kipande hicho tumekifanya kama hati ya shamba letu. Lakini kabla yake yametajwa nini? Imetajwa mvua iteremkayo, na matunda ya rangi mbali mbali yatokayo kwayo. Imetajwa milima na mistari yake, myeupe na myekundu na myeusi sana. Wametajwa watu, na wanyama watambaao, na mifugo, na jinsi rangi zao zinavyohitilafiana. Baada ya hayo ndipo wanapotajwa wanavyuoni. Hapana hapo mlango wa tohara wala mlango wa mirathi, ingawa ni milango mitukufu nami nimeifundisha maisha yangu yote. Pana mimea, na mawe, na wanyama, na wanadamu. Na ukitaka Kinyambo cha yule kijana, nenda Sura ya 30, aya ya 22, ambapo kuhitilafiana kwa ndimi zetu kumewekwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, kuwa ni ishara kwa wenye kujua. Sasa ni nani aliyesema elimu hii haina faida? Si Yeye aliyeziumba ndimi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa yake alihesabu utabibu na hesabu, hata kilimo na ufumaji, katika faradhi za kutosheleza, ambazo mji mzima hupata dhambi ukikosa wa kuzisimamia. Akalalamika kwamba miji ya Waislamu imejaa watu wa fiqhi wanaoshindana katika hitilafu za madhehebu, ilhali tabibu wa kuwatibu hao Waislamu ni wa dini nyingine. Niliposoma maneno hayo nilikumbuka Nyakahanga, hospitali ya Walutheri, ambapo watoto wangu wamezaliwa na mimi nimelazwa. Silisemi hili kwa husuda, bali nawashukuru. Lakini nauliza, sisi tulikuwa wapi?

Mimi naweza kusema nilikuwa wapi. Ukimwi ulitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza katika mkoa huu wetu wa Kagera, mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti walipita mkoani wakipima damu za watu wazima, wakakuta kwamba Bukoba mjini watu 24 katika kila 100 wana virusi, na huku Karagwe, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kyerwa, ni kiasi cha 4 au 5 katika kila 100. Nilikuwa mwalimu kijana wa madrasa, mwenye sauti kubwa kuliko elimu yangu. Niliwaambia watu kuwa maradhi haya ni adhabu ya wazinzi, basi, na kwamba hapana haja ya kutoa damu wala siri za nyumba zetu kwa watu wenye madaftari. Baada ya miaka michache nilisalisha jeneza la mwanamke asiyejua mlango wa mwanamume mwingine ila wa mumewe. Nami ndiye niliyewafungisha ndoa yao. Kama ningaliwasikiliza wale wenye madaftari, ningalijua la kumwuliza mume kabla ya kumwozesha. Tangu siku hiyo naogopa sana mtu akisema mbele yangu kuwa utafiti fulani ni upuuzi.

Ama migomba, hili kila mtu analijua. Mwaka 2006 ulithibitishwa hapa Kagera ule mnyauko uletwao na bakteria, ambao Uganda ulionekana mwaka 2001, na asili ya habari zake ni Ethiopia, katika mmea uitwao enset ulio jamaa ya mgomba. Kibanja kilichomlisha mtu na babu yake kilianguka katika msimu mmoja, ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Wako waliosema ni uchawi wa jirani, na ugomvi mwingi ulizuka. Watafiti wakaeleza kuwa wadudu huchukua ugonjwa katika lile ua dume la mkungu, na panga lisilosafishwa huuchukua pia. Basi ua na livunjwe mapema kwa kijiti cha panda, panga lipitishwe motoni, na mgomba ulioambukizwa uondolewe. Waliofuata hayo wamebaki na vibanja vyao. Mtume (s.a.w.) alipowaona watu wa Madina wakiipandikiza mitende yao akatoa rai yake, nao wakaacha, na mavuno yakapungua, aliwaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Ikiwa Mtume mwenyewe aliwaachia wakulima ujuzi wa ua la mtende, sisi ni nani tusimwachie mtafiti ua la mgomba?

Hapa yule mzee wa Nkwenda ataniambia, "Sheikh, damu na migomba nimekubali. Lakini lugha? Lakini historia?" Hilo ndilo neno lenyewe, kwa kuwa hata serikali na wazazi waliosoma siku hizi hulisema: sayansi, sayansi, na mengine ni ya waliofeli hesabu.

Basi na nikupe historia, mzee wangu, uone kama haiuzi ng'ombe. Mwezi wa Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa Karagwe kwa Mukama Rumanyika, pamoja na mwenzake Grant. Walikaribishwa kwa heshima. Speke akamtaka shemeji ya mfalme asimame, akampima kwa utepe mikono na mapaja, kwa kuwa alikuwa mnene, na vipimo hivyo akavitia kitabuni. Mgeni wa namna gani huyo! Lakini hilo ni dogo. Katika kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1863, aliandika pia rai yake kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa ni kabila jingine, waliotoka upande wa Uhabeshi, bora kuliko wakulima waliowatawala. Hakuwa na ushahidi. Ilikuwa dhana ya mpita njia. Waliokuja baada yake waliichukua dhana ile, wakaitia katika shule na ofisi za Rwanda, siku za Wajerumani na za Wabelgiji, watoto wakaisoma kama jedwali la hesabu. Mwaka 1994 matunda yake tuliyaona kwa macho yetu, watu wakivuka kuingia Karagwe kwa maelfu juu ya maelfu, na makambi yakajaa. Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi walivyokata miti yako ya kivuli. Sisemi kuwa kitabu kimoja ndicho kilichoua watu. Wanadamu waliua wanadamu, na kila mmoja atasimamishwa kwa lake. Nasema tu kwamba historia mbaya iliachwa miaka mingi bila ya mtu wa kuisahihisha, kwa kuwa wenye nchi hawakuwa na wanahistoria wa kujibu.

Kwa upande wetu alikuja kupatikana. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe, ikachapishwa Nairobi mwaka 1975, akipima masimulizi ya wazee kwa masimulizi na maandiko. Kupima riwaya kwa riwaya! Jee, si ndiyo kazi waliyoifanya Bukhari na Muslim, kuuliza ni nani aliyesikia na kwa nani? Sisi ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuheshimu kazi hiyo. Badala yake twapokea lolote. Mara ngapi mmesikia mimbarini ile ya kutafuta elimu hata Uchina, ambayo wajuzi wa hadithi wameihesabu kuwa dhaifu? Hata tunapoisifu elimu hatuchunguzi.

Na hao wachimba vigae aliowacheka ustadhi, ndio waliotufahamisha habari za chuma. Rumanyika alikuwa na hazina ya vitu vya chuma vya kifalme, na ndani yake sanamu za ng'ombe wa chuma. Kwa muda mrefu wageni walidhani ufundi kama huo haukuwa wetu. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Peter Schmidt aliwaomba wahunzi wazee wa Buhaya wajenge tena tanuri kama walivyofanya ujanani, akalinganisha na matanuri ya kale aliyoyachimba. Mwaka 1978, yeye na Donald Avery wakaandika kuwa watu wa nchi hii, zaidi ya miaka 1,000 nyuma, walikuwa wakiipasha moto hewa kabla ya kuiingiza tanurini. Wataalamu wengine walibishana nao, na hivyo ndivyo elimu ilivyo. Katika Qur'ani iko sura nzima yenye jina la chuma.

Sasa lugha. Ustadhi wangu, hiyo nahau unayojivunia kwetu imetoka wapi? Wanavyuoni wa Basra, kina Al-Asmai, walikwenda kwa mabedui wachunga ngamia wakiwauliza majina ya mimea na farasi na namna ya kusema kwao. Khalil bin Ahmad akatunga kamusi, na mwanafunzi wake Sibawayhi, ambaye alikuwa Mwajemi, akatunga kitabu cha nahau kisichopata mfano. Hapana shaka wako watu wa zama zile waliowacheka kwa kwenda kujifunza Kiarabu kwa wachungaji. Bila ya kazi ile tafsiri ya Qur'ani leo ingekuwa kiwete. Kinyambo nacho kimepata msamiati, aliouandika Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, na bado kazi iliyobaki ni kubwa. Fikiri hili tu: katika Kinyambo kitenzi chenyewe hutenga lililotokea jana na lililotokea zamani. Shahidi husimama mbele ya baraza la ardhi akasema kwa lugha yake ni lini mpaka uliwekwa, karani akaandika kwa Kiswahili "waliweka mpaka", na ule wakati ukapotea. Ni mashamba mangapi yamekwenda kwa njia hiyo?

Sina maana kwamba kila mtafiti ni mtu mwema. Wamekuja nyumbani kwangu vijana wenye karatasi za maswali wakauliza nina mbuzi wangapi na nala mara ngapi, wakaondoka, sikuwaona tena wala sikuona walichoandika. Huo ni utovu wa adabu, na chuo kinachowatuma kijue kwamba mzee aliyeulizwa ana haki ya jawabu. Lakini ziko kazi nyingine. Kati ya 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 za Kagera ziliulizwa habari za maisha yao, na watu wale wale wakatafutwa tena mwaka 2004 na 2010, popote walipokuwa. Ikaonekana kwamba waliotoka katika vijiji vyao hali zao zilipanda kuliko ndugu zao waliobaki. Mzee wangu, hilo nalo lifikirie unapohesabu ng'ombe wako.

Nilikwenda Nkwenda Jumamosi nikamweleza haya yote. Alinisikiliza, akanipa chai, akasema atashauriana na mama wa kijana. Ng'ombe ni wake, siwezi kumlazimisha. Kijana mwenyewe nimempa majina ya wazee wanne wa Kaisho na Murongo, ambao bado wanajua maneno ya wahunzi na ya wachungaji ambayo mimi, niliyezaliwa hapa, siyajui. Nimemwambia aanze na yule wa Murongo, asingoje chuo kifunguliwe, kwa kuwa kifua kinamsumbua na mvua zimekaribia.