Dada Staa, Huo Waya Unaoutangaza Umewahi Kuuchomeka Wewe Mwenyewe?

Leo sina stori ya nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo hivyo hivyo.

Kuna staa wetu mmoja, jina silitaji kwa sababu sina hela ya wakili. Wiki kadhaa sasa anatuposti waya. Upande mmoja una kichwa cha HDMI, upande wa pili una vile vichwa vitatu vya rangi: njano, nyekundu na nyeupe. Maneno yake ni haya: waya mmoja TV zote, chomeka laptopu yako kwenye TV yoyote hata ya chogo, picha 8K. Yeye kakaa kwenye kochi, bisi mkononi, nyuma yake TV inaonyesha muvi. Rudieni ile video muiangalie taratibu. TV ni flati ya ukutani. Waya kaushika mkononi kama mkufu, haujachomekwa popote. Sasa hiyo muvi inatoka wapi, dada yangu?

Bei je? Njoo inbox. Na kwenye komenti watu mia wanauliza "naupata wapi mamii", hakuna hata mmoja anayeuliza unafanyaje kazi.

Mimi nauliza, kwa sababu mtaani kwetu kuna mama anauza vitumbua, na huo waya kaununua. Ana TV yake ya chogo, nzima kabisa, na deki yake ilishakufa zamani. Kijana wake yuko chuo, ana laptopu ya mtumba. Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu, kuangalia video ya harusi ya binti yake kwenye TV, maana kwenye laptopu watu sita hawaenei. Kamwona staa, kamwamini. Katoa elfu ishirini na tano, na ya bodaboda juu. Unajua hiyo ni vitumbua vingapi?

Kuchomeka, giza. Akampigia muuzaji, akajibiwa "mama laptopu yako ndiyo mbovu", kisha akablokiwa. Na yeye akaamini! Akaibeba laptopu kwa fundi, na fundi naye hakuuliza, kapiga windo. Ripoti ya fildi ya kijana, wiki nane za kazi, imefutika. Ndipo akaja kwangu: "Mwanangu, hebu niangalizie hiki kitu, wanasema mimi ndiyo sijui kukitumia."

Mama, ulikuwa unajua. Waya ndiyo hauwezi.

Yale matundu matatu ya TV ya chogo yanapokea mawimbi ya zamani ya analojia. Njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. HDMI ya laptopu inatoa data ya kidijitali. Hizo ni lugha mbili tofauti, na waya mtupu hautafsiri, unapitisha tu kilichoingia. Hata ukiuchomeka siku tatu kwenye laptopu ya kawaida hupati kitu. Kinachohitajika ni kiboksi kidogo cha kubadilisha, chenye umeme wake wa USB, kimeandikwa HDMI2AV. Uwe makini hapo, kwa sababu kuna pacha wake kinaitwa AV2HDMI, sura ile ile, kazi kinyume. Ukimwambia muuzaji "nipe cha HDMI na AV" anaweza kukupa chochote kilicho karibu na mkono wake. Na hata ukipata chenyewe, picha ni ya chogo, maandishi madogo ya laptopu huyasomi. 8K kwenye TV ya chogo? Hizo ni ndoto za mchana jamani.

Halafu kuna ule mwingine anaouuza, eti "wa dhahabu", bei mara tatu, ili picha iwe "kali zaidi". Tusidanganyane. Data ya HDMI ikifika imefika. Isipofika vizuri utaona vinyota, picha inakatika, au giza. Hakuna waya unaoifanya sura ya mtu ing'ae zaidi. Kama TV yako ni ya 1080p, waya wa kawaida ulio mzima unakutosha kabisa. Wenye TV ya 4K wanaotaka picha 60 kwa sekunde ndiyo waangalie waya unaohimili HDMI 2.0, na laptopu pia iwe inaweza. Waya mrefu sana nao unaweza kusumbua. Dhahabu inazuia kutu kwenye kichwa, basi.

Najua mashabiki wake mnakuja. "Yeye katangaza tu, hakuutengeneza." Sawa. Lakini yule mama hajui hata jina la duka. Hakulinunua duka, kainunua sura. Hiyo sura ndiyo iliyolipwa, kwa hiyo isijifiche nyuma ya duka. Na tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani ipo, FCC, wala siyo siri. Mwezi uliopita huyu huyu alikuwa anatuuzia chai ya kukata tumbo, tukacheka tukapita. Kwenye waya sicheki, kwa sababu ilikuwa dakika tano tu. Achomeke, aone giza, akatae hela. Dakika tano, wadau.

"Sasa blogu ya umbea na nyaya wapi na wapi?" Mtaniuliza. Kwani hizo series na hizo klipu zao mnaangalizia wapi? Haya, kabla hujatoa hata mia, inama nyuma ya TV na pembeni ya laptopu, piga picha matundu yote, nenda nayo dukani. Ukiona HDMI pande zote mbili, umemaliza, waya mmoja unabeba picha na sauti. Laptopu nyingi za mtumba zina VGA, lile tundu pana la matundu 15, mara nyingi bluu. Kitu cha 1987 hicho, kinabeba picha peke yake. Kama flati yako ina tundu la "PC IN", waya wa VGA na kawaya ka sauti ka tundu la hedifoni vinatosha. Kama TV ina HDMI tu, tafuta kigeuzi cha VGA kwenda HDMI chenye umeme wa USB na sauti. Usipewe cha HDMI kwenda VGA, hakirudi nyuma.

Laptopu mpya za USB-C ndiyo zinawaliza wengi. Tundu kuwa la umbo lile haimaanishi linatoa picha. Mengine ni ya chaji na data tu. Tafuta alama ya DP au ya radi pembeni yake, na usipoiona, angalia sifa za modeli yako mtandaoni kabla ya kununua. Waya wa chaji ya simu usiutegemee hata kidogo.

Ukishachomeka na kuona giza, usikimbilie kwa fundi! Chukua rimoti, bonyeza Source, chagua HDMI uliyochomeka kweli, 1 au 2. Kwenye laptopu ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate. Picha ikija bila sauti, bofya spika pale chini kulia uchague TV. Yule fundi angefanya haya kwanza, ripoti ya watu ingekuwepo.

Mama wa vitumbua tumemtafutia kiboksi, na harusi kaiangalia na majirani wote mlangoni. Kijana anaandika ripoti upya, usiku, na tarehe ya kukabidhi haijasogezwa.

Dada staa, nimekutumia ujumbe mara mbili, umesoma mara zote mbili. Futa posti, na mwambie huyo bosi wako awarudishie watu hela zao. Jana usiku nimepita kwenye peji yako, waya bado upo pale juu, na bei bado ni inbox.

Nyie wengine mlioununua, semeni hapo chini mlilipa shilingi ngapi. Bila aibu.