Tusihesabu Seli Tu, Tuulize Zinafika Wapi

Mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mafuta yanayofyonzwa mwilini wakati wa upasuaji wa urembo, ambayo kwa kawaida huishia kutupwa, yana seli shina zinazoweza kuoteshwa maabara na kugeuzwa kuwa seli za mfupa au gegedu. Habari hiyo iliamsha matumaini makubwa. Mafuta hupatikana kwa urahisi kuliko uboho, na mgonjwa haumii sana. Ikaonekana kwamba kilichobaki ni kuzirudisha seli kwa dripu, nazo zitajitafutia njia hadi palipo na jeraha.

Hapo ndipo penye kasoro, na ndiyo sababu ya toleo hili la jarida letu. Juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye kuzalisha mamilioni ya seli, ilhali dakika chache za kwanza ndani ya mshipa, zinazoamua hatima yake, hazijapewa uzito unaostahili.

Tuifuate seli yenyewe. Kutoka mkononi, damu huipeleka upande wa kulia wa moyo, na kituo kinachofuata ni mapafu. Kapilari nyingi za mapafu zina upana usiofika mikrometa 10. Seli shina iliyooteshwa maabara mara nyingi huwa na mikrometa 15 hadi 30. Majaribio mengi ya wanyama yameonyesha matokeo yaleyale: sehemu kubwa ya seli hunasa mapafuni, na baada ya siku chache nyingi huwa zimekufa au zimemezwa na seli za kinga.

Ukubwa si tatizo pekee. Utando wa seli hizi una tishu fakta, protini inayoanzisha kuganda kwa damu, na zinazotoka kwenye mafuta huwa nayo nyingi kuliko za uboho. Mwaka 2013 madaktari wa Korea Kusini waliripoti watu wa familia moja waliopata mabonge ya damu mapafuni baada ya kutiwa seli za mafuta mshipani.

Njia za kuboresha zipo, na nyingi hazidai mitambo ya ajabu: kupima tishu fakta kabla ya seli kutolewa maabara, kutumia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa uangalifu, kupunguza dozi na kasi ya dripu. Hata mfuko wenyewe unahitaji jicho. Ukiachwa umening'inia, seli hutuama chini na kushikana. Asipokuwepo mtu wa kuugeuzageuza polepole, mgonjwa hupokea maji kwanza na vibonge baadaye. Seli zilizotoka tu kwenye barafu nazo huichokoza damu kuliko zilizopewa muda wa kupata nafuu.

Kunasa mapafuni si hasara kila mara. Mwaka 2009 watafiti wa Texas walionyesha kwamba, kwa panya, seli zilizokwama humo hutoa protini ya TSG-6 inayotuliza uvimbe na kuusaidia moyo ulioumia. Na Desemba 2024 Marekani iliidhinisha Ryoncil, seli za uboho zinazotolewa kwa dripu kwa watoto ambao miili yao inashambuliwa na seli za kinga walizopandikizwa. Dawa hiyo ina dozi inayojulikana, ratiba inayojulikana na ugonjwa mmoja unaojulikana. Huo ndio mfano wa kufuatwa.

Kinyume chake ni kliniki zinazomuuzia mgonjwa wa kiharusi, kisukari na maumivu ya goti dripu ileile, bila kumweleza seli zitafika wapi. Huko ni kumchuma mgonjwa kwa kutumia jina la sayansi.

Kwa hiyo, kuanzia toleo hili, hatutachapa ripoti ya seli za mafuta zilizotiwa mshipani isiyotaja ukubwa wa seli, asilimia ya zilizo hai, kiwango cha tishu fakta, muda uliopita tangu ziyeyushwe, dawa ya kuzuia kuganda na kasi ya dripu. Nawe msomaji, ukipewa au nduguyo akipewa matibabu haya, uliza maswali hayohayo kabla sindano haijaingia. Asiyeweza kuyajibu, usimpe mkono wako.